Kusikia Harufu, Kuona Rangi ya Herufi: Uhakiki wa Dhana ya Sinestesia katika Usomaji wa Fasihi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki matumizi ya dhana ya sinestesia katika usomaji wa kazi za fasihi. Hoja kuu ni kwamba jina hilo moja limebebeshwa mambo manne yasiyo na asili moja: hali ya ubongo wa watu wachache, sarufi ya vitenzi vya hisi, sitiari zilizokwisha zoeleka katika lugha, na ubunifu wa mwandishi mmoja katika kazi moja. Uchambuzi umejikita katika shairi la Arthur Rimbaud liitwalo Voyelles, kumbukumbu za maisha za Vladimir Nabokov, na matumizi ya kawaida ya Kiswahili, hasa kitenzi kusikia, vivumishi kali na tamu, na tanakali za sauti. Makala yanabainisha kuwa ushahidi wa maabara hauwezi kuthibitisha wala kukanusha thamani ya mstari wa shairi. Aidha, yanaonesha kwamba mhakiki wa Kiswahili anayeita kila mchanganyiko wa hisi sinestesia huisifu sarufi kana kwamba ni ubunifu, na huupita ubunifu wenyewe bila kuuona. Mwishoni inapendekezwa njia ya kuyatenganisha mambo hayo manne wakati wa kuchambua matini.

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wamezoea mgawanyo wa taswira katika taswira za hisi, taswira zionekanazo na taswira za mawazo. Mgawanyo huo umesaidia kufundisha, lakini umeacha swali moja bila jibu la kutosheleza: taswira inayochukua jambo la mlango mmoja wa fahamu na kulieleza kwa mlango mwingine iwekwe wapi? Sauti inapoitwa tamu, je, hiyo ni taswira ya sikio au ya ulimi? Ili kulijibu swali hilo, wahakiki wameazima istilahi ya sinestesia kutoka katika saikolojia na elimu ya ubongo. Uazimaji wa istilahi si kosa. Tatizo ni kwamba istilahi hii ilikuja pamoja na madai yake, na madai hayo yamekubaliwa bila kupimwa.

Madai yenyewe ni mawili. La kwanza ni kwamba mwandishi anayechanganya hisi katika lugha huenda anazichanganya hivyohivyo katika ubongo wake. La pili ni kwamba ubongo wa binadamu, kwa kuwa huunganisha hisi, ndio unaoeleza kwa nini mchanganyiko huo unampendeza msomaji. Dai la kwanza huligeuza shairi kuwa cheti cha daktari. Dai la pili lina chembe ya ukweli, lakini likiachwa lilivyo linaeleza kila kitu kwa pamoja na halielezi mstari wowote peke yake.

Suala hili si la istilahi tu. Likiamuliwa vibaya, mwandishi hunyang'anywa kazi yake na sifa kupewa neva zake. Kwa upande wa Kiswahili, usemi wa kila siku wa mamilioni ya watu hufanywa kuwa jambo la ajabu kwa sababu tu haufanani na usemi wa Kiingereza au Kifaransa. Makala haya yanaanza kwa kueleza kilichothibitishwa kuhusu sinestesia kama hali ya ubongo, kisha yanachambua waandishi wawili ambao majina yao hutajwa pamoja, na hatimaye yanarejea katika Kiswahili.

2.0 Sinestesia kama hali ya ubongo

Maelezo ya kitabibu ya mwanzo yanayojulikana yamo katika tasnifu. Mwaka 1812, Georg Sachs, daktari aliyezaliwa na ualbino, aliwasilisha huko Erlangen, Ujerumani, tasnifu ya Kilatini kuhusu hali yake na ya dada yake. Humo alieleza pia kwamba herufi, tarakimu, siku za juma na noti za muziki zilimjia zikiwa na rangi. Katika miaka ya 1880, Francis Galton wa Uingereza alikusanya ushuhuda wa watu wa aina hiyo na kuona kwamba jambo hilo hujirudia ndani ya familia moja. Baadaye, katika karne ya 20, mada hii ilififia kwa muda mrefu, kwa kuwa saikolojia ya wakati huo haikuthamini ushuhuda wa mtu kuhusu yaliyomo akilini mwake.

Kilichoirudisha ni kipimo. Kuanzia mwaka 1987, Baron-Cohen na wenzake walitumia uthabiti kama kigezo: mtu huulizwa rangi ya herufi au maneno kadhaa, kisha huulizwa tena baada ya muda mrefu bila kuonywa. Mwenye sinestesia hutoa majibu yaleyale hata baada ya mwaka mzima, ilhali mtu wa kawaida aliyeombwa kubuni rangi hushindwa kuyarudia baada ya juma moja tu. Kwa kipimo cha namna hiyo, Simner na wenzake (2006) waliwachunguza watu ambao hawakuwa wamejitokeza wenyewe kudai hali hiyo, wakakuta kwamba asilimia 4.4 walikuwa na aina mojawapo. Hivyo basi, sinestesia ni halisi, si ya kawaida kwa wengi, na si ugonjwa.

Kutokana na kazi hizo, sifa nne hutajwa mara kwa mara. Sinestesia hujitokeza yenyewe bila mtu kuitaka. Haibadiliki kwa urahisi. Kwa kawaida huelekea upande mmoja, kwamba herufi huleta rangi lakini rangi hailazimiki kuleta herufi. Na ni ya mtu binafsi, kiasi kwamba wawili wenye hali hiyo wanaweza kubishana kuhusu rangi ya herufi moja na wasipatane kamwe.

Kuhusu chanzo chake, nadharia mbili zimeshindana. Ramachandran na Hubbard (2001) walipendekeza kwamba maeneo mawili yaliyopakana upande wa chini wa ubongo, moja likitambua umbo la herufi na jingine likishughulikia rangi, yana miunganiko ya ziada kwa watu hawa. Grossenbacher na Lovelace (2001) walidai kwamba miunganiko ni ileile ya watu wote, ila taarifa zinazorudi kutoka maeneo ya juu hazizuiliwi ipasavyo. Majaribio ya picha za ubongo yaliyofuata hayakutoa jibu moja. Mhakiki anayeandika kwamba sayansi imeonesha mahali sitiari inapozaliwa ubongoni anadai zaidi ya wanavyodai wanasayansi wenyewe.

Ni lazima pia kutenganisha sinestesia na uunganishaji wa hisi ambao kila binadamu anao. McGurk na MacDonald (1976) walionesha kwamba mtu akisikia silabi ba huku akitazama midomo inayotamka ga, mara nyingi husikia da. Katika jaribio jingine mashuhuri, ambalo Wolfgang Köhler alilitumia kwa namna yake mwaka 1929, watu huoneshwa umbo lenye ncha na umbo la mviringo, kisha huulizwa lipi liitwe kiki na lipi liitwe bouba. Wengi mno hulipa lenye ncha jina la kiki. Hapa hakuna rangi za siri wala ubishi wa mtu na mtu, kuna makubaliano. Ushairi hauwezi kusimama bila makubaliano kati ya anayesema na anayesikia. Kwa hiyo, kama elimu ya ubongo ina la kumfaa mhakiki, limo zaidi katika jaribio hili la watu wote kuliko katika rangi za wachache.

3.0 Voyelles: shairi dhidi ya kipimo cha uthabiti

Rimbaud alitunga Voyelles mwaka 1871, akiwa na umri wa takriban miaka 17, na shairi likachapishwa mwaka 1883 katika jarida la Lutèce. Ni soneti ya mistari 14 inayozipa irabu tano za Kifaransa rangi zake na kuifuatisha kila irabu na msururu wa picha. Kwa kuwa shairi lilisambaa wakati ambapo madaktari wa Ufaransa walikuwa wameanza kuandika kuhusu kile walichokiita usikiaji wa rangi, lilisomwa kama ushuhuda. Wengine walitafuta kitabu cha alfabeti chenye herufi za rangi ambacho huenda mshairi alikitumia utotoni.

Matini yenyewe inapinga usomaji huo, na inaupinga kwa kigezo kilekile cha maabara. Mwanzoni mwa shairi irabu O ni ya buluu. Mstari wa mwisho unapoirudia kwa jina la herufi ya mwisho ya Kigiriki, mwanga wake ni wa zambarau. Mtu mwenye sinestesia hupimwa kwa uthabiti wa miezi na miaka. Rangi hii imebadilika ndani ya mistari 14. Kwa mhakiki, badiliko hilo ni kilele cha shairi. Sauti iliyoanza kama moja katika orodha inageuka kuwa macho yanayotazama, na rangi inasogea pamoja na maana.

Ushahidi wa pili ni mpangilio. Irabu hazikufuata utaratibu wa alfabeti. U imetangulizwa na O ikawekwa mwisho. Sababu yake inaonekana katika matini: shairi linaanzia A na kuishia O kama vile alfabeti ya Kigiriki inavyoanzia alfa na kuishia omega. Picha nazo zinapanda kwa ngazi. A imezungukwa na nzi na uvundo, O imezungukwa na tarumbeta, kimya na malaika. Msomaji anaondolewa penye uozo na kufikishwa mbinguni. Huo ni usanifu, na usanifu hauji wenyewe bila kutakwa.

Ushahidi wa tatu ni wa Rimbaud mwenyewe. Katika Une saison en enfer (1873), akizitazama nyuma kazi zake, anaziorodhesha rangi za irabu miongoni mwa mambo aliyoyabuni. Kauli ya mtunzi si hukumu ya mwisho, lakini hapa inakubaliana na matini. Tena, miaka mitatu baada ya shairi kuchapishwa, René Ghil alitoa Traité du verbe (1886) chenye mpangilio tofauti wa rangi, akiuhusisha na ala za muziki, kana kwamba kuna mpangilio sahihi uliokosewa. Kosa la Ghil linafundisha. Alilichukua shairi kuwa jedwali la kisayansi, akalisahihisha jedwali, shairi likabaki lilipo.

Madhara ya kuifanya hali ya ubongo kuwa kipimo cha sanaa yalidhihirika mapema. Max Nordau, katika Entartung (1892), aliuhesabu usikiaji wa rangi kuwa dalili ya uzorotaji wa akili, akaulinganisha na uwezo wa moluska wa baharini asiye na hisi zilizotengana. Wahakiki wa leo humcheka Nordau, lakini baadhi yao wameigeuza sarafu yake upande wa pili tu. Alichokiita ugonjwa wao wanakiita kipaji. Katika hali zote mbili, kinachosomwa ni fuvu la mshairi na si shairi lake.

Ikumbukwe pia kwamba Baudelaire, ambaye soneti yake Correspondances katika Les Fleurs du mal (1857) huhesabiwa kuwa chimbuko la mtindo huu, alizilinganisha harufu na ngozi ya watoto, sauti ya zumari na ukijani wa mbuga kwa kutumia kiunganishi cha tashibihi. Anayelinganisha waziwazi vitu viwili anajua kwamba ni viwili. Mwenye sinestesia halinganishi. Kwake, rangi imo ndani ya herufi.

4.0 Nabokov: hali halisi na mipaka yake

Kwa Nabokov mambo ni tofauti. Katika sura ya pili ya kumbukumbu zake, zilizotoka mwaka 1951 na baadaye kurekebishwa kwa jina la Speak, Memory, anaeleza kwamba kila herufi ilikuwa na rangi yake. Aligundua hivyo utotoni alipokuwa akijenga mnara kwa vipande vya mbao vyenye herufi, akamlalamikia mama yake kwamba rangi za vipande hivyo zilikosewa. Mama naye alikuwa na rangi zake. Baadhi ya herufi zao zilifanana, nyingine zikatofautiana. Mama, aidha, aliona rangi kwa noti za muziki, jambo ambalo mwanawe hakuwa nalo kabisa. Ushuhuda huu unakubaliana na sifa zote nne zilizotajwa: rangi zinakuja zenyewe, hazibadiliki, zinaelekea upande mmoja, na ni za mtu binafsi hata ndani ya familia moja.

Kisa cha mnara wa mbao kinapaswa kusomwa sambamba na utafiti wa Witthoft, Winawer na Eagleman (2015). Walipozichunguza rangi za Wamarekani 6,588 wenye sinestesia ya herufi, walikuta kwamba angalau asilimia 6 walikuwa na rangi zilizolingana na seti moja ya herufi za sumaku za Fisher-Price, na kwa waliozaliwa kati ya mwaka 1975 na 1980 kiwango kilifikia asilimia 15. Kumbe hata hali inayosemwa kuwa ya kurithi hujazwa na vitu vya dukani na utamaduni wa kusoma. Nabokov anaonesha upande wa pili: vipande vyake vilikuwa na rangi, ila yeye alizikataa. Mafunzo yanaweza kuleta rangi, lakini hayailazimishi.

Hata hivyo, jambo lenye uzito zaidi kwa uhakiki ni namna Nabokov anavyozieleza rangi zake. Hasemi tu kwamba herufi fulani ni nyeusi au ya kahawia. A ya Kiingereza anaipa rangi ya mbao iliyopigwa na jua na mvua, na A ya Kifaransa anaipa weusi wa mpingo uliong'arishwa. Analazimika kufanya hivyo kwa sababu rangi anayoiona hakuna mwingine anayeiona. Ili imfikie msomaji, inabidi ipitie katika kitu ambacho msomaji amewahi kukigusa. Kwa maneno mengine, mwandishi aliyejaliwa sinestesia halisi anapofika kwenye karatasi hana budi kufanya kazi ileile ya tashibihi aliyoifanya Baudelaire. Ubongo wake umempa mada, haukumpa sentensi.

Kuna jambo jingine linalozuia haraka ya kuunganisha sinestesia na usanii wa jumla. Katika sura hiyohiyo, Nabokov anakiri kwamba muziki kwake ulikuwa mfululizo wa sauti za kuudhi. Mtu ambaye sauti za herufi zilimletea rangi tele hakupata raha katika sanaa ya sauti. Dai kwamba mwenye hisi zilizoungana ni msanii wa hisi zote halina msingi hata kwa mfano wake maarufu kuliko yote.

5.0 Kiswahili: sarufi, mazoea na ubunifu

5.1 Kitenzi kusikia

Mtu aliyelelewa katika Kiingereza akielezwa kwamba Waswahili husikia harufu, huweza kudhani amekutana na jamii yenye sinestesia. Kusikia katika Kiswahili ni kusikia sauti, harufu, baridi, njaa, maumivu, hata utamu wa chakula. Na anayeulizwa kama amesikia huenda anaulizwa kama ameelewa. Lugha nyingine za Kibantu zina jambo hilohilo: kumva katika Kinyarwanda na Kirundi, na kitenzi chenye mzizi -zwa katika Kizulu.

Je, hapa hisi zimechanganywa? Jibu linapatikana katika mfumo wa vitenzi wenyewe. Kiswahili kinatofautisha kitendo cha kukusudia na hali ya kupatwa. Mtu husikiliza, na husikia sauti. Hunusa ua, na husikia harufu yake. Huonja mchuzi, na husikia ladha yake. Hupapasa ukuta, na husikia ubaridi wake. Upande wa kukusudia kila hisi ina kitenzi chake. Upande wa kupatwa, kitenzi kimoja kinazitosha hisi zote isipokuwa macho, ambayo yana kutazama na kuona. Na hata kuona hakukai macho pekee, maana watu huona njaa, huona baridi na huona haya. Kwa hiyo kusikia hakukutoka sikioni kwenda puani. Ni kitenzi cha kupatwa na jambo kutoka nje ya nia ya mtu. Palipo na uwanja mmoja hapana mpaka uliovukwa, na pasipo na mpaka uliovukwa hapana tamathali.

Methali ya Sikio la kufa halisikii dawa inaonesha jinsi uwanja huo unavyoweza kutumiwa kisanaa. Sikio linaleta matarajio ya sauti. Dawa inayavunja matarajio hayo, kwa kuwa dawa haina sauti ya kusikiwa. Msomaji analazimika kuhamia maana ya pili ya kusikia, yaani kukubali na kuathiriwa. Ufundi wa methali hii uko katika kuziweka maana mbili za kitenzi kimoja ndani ya mwili mmoja. Mhakiki akiandika tu kwamba ni sinestesia, atakuwa ameikosa methali.

5.2 Vivumishi: kali, tamu, nyororo

Vivumishi vina mwendo tofauti. Ukali ni wa kisu kabla ya kuwa wa pilipili, kisha wa harufu, wa sauti, wa jua na wa rangi. Utamu hutoka kwenye chakula na kwenda kwenye sauti, lugha na usingizi. Sauti huwa nyororo, nzito, nene, nyembamba au kavu, na zote hizo ni sifa za vitu vinavyoshikika. Stephen Ullmann (1957), alipoichunguza lugha ya washairi wa karne ya 19, aliona mwelekeo huohuo: uhamisho mwingi hutoka hisi za chini, hasa mguso, kwenda za juu, hasa sauti. Joseph Williams (1976) aliona jambo kama hilo katika mabadiliko ya maana za vivumishi vya Kiingereza.

Kiswahili kinaelekea kuukubali mwelekeo huo, nao ni kinyume cha sinestesia ya herufi na rangi kwa jambo moja la msingi. Mwelekeo wa vivumishi ni wa watu wote na unatabirika. Rangi za herufi ni za mtu mmoja na hazitabiriki. Anayesema sauti tamu hasikii sukari ulimini. Anatumia njia iliyokwisha lainishwa na vizazi vya wasemaji. Hiyo ni sitiari iliyozoeleka, na thamani yake katika kazi ya fasihi hutegemea kama mwandishi ameiamsha au ameiacha ilale.

5.3 Tanakali za sauti

Eneo ambalo lingestahili mjadala mrefu zaidi, nalo hupewa mfupi zaidi, ni tanakali za sauti. Vitabu vingi vya shule huzieleza kuwa ni maneno yanayoiga sauti. Maelezo hayo yanafaa kwa anguka pu. Hayafai kwa nyeupe pe, nyeusi ti, giza totoro wala lowa chepechepe, maana weupe hauna mlio na giza halina mlio. Kimya jii ni neno la sauti linalotaja ukosefu wa sauti. Hapa ndipo Kiswahili kinapokaribiana kwa kweli na jaribio la kiki na bouba: sauti inawakilisha kionekanacho, au kigusikacho, na wasemaji wote wanakubaliana.

Hata hapa tahadhari inahitajika. Katika nyeupe pe na nyekundu ndu, silabi ya mkazo inarudia silabi ya mwisho ya kivumishi. Huenda basi ni urudufu wa umbo na si ufanano wa sauti na rangi. Nyeusi ti haina maelezo hayo, na giza totoro pia. Kuzipanga tanakali katika makundi hayo mawili ni kazi inayowezekana, na ingeusaidia uhakiki wa ushairi zaidi ya kurudia tu kwamba tanakali huiga sauti.

6.0 Athari kwa uhakiki

Kutokana na uchambuzi huu, usemi unaochanganya hisi unapaswa kupitishwa katika maswali matatu kabla ya kupewa jina. Je, sarufi ya lugha inaulazimisha? Kama sivyo, je, ni mazoea ya wasemaji? Kama sivyo tena, matini hii inafanya nini kwa kuuleta? Swali la nne, la ubongo wa mwandishi, ni la wasifu. Linahitaji ushahidi wa wasifu, na jibu lake haliyafuti matatu ya kwanza.

Sentensi mbili zilizotungwa kwa ajili ya mfano zinatosha. Ya kwanza: Alipoingia chumbani alisikia harufu ya udi. Hapa hakuna tamathali hata moja, ni sarufi. Ya pili: Alipoingia chumbani harufu ya udi ilinyamaza. Kunyamaza ni kwa chenye sauti, nacho kimepewa harufu. Uhamisho umetoka juu kwenda chini, kinyume cha mwendo wa kawaida wa lugha. Tena, kunyamaza mtu anapoingia ni desturi ya watu waliokuwa wakimsema. Harufu imefanywa kuwa kikao kilichokatishwa. Mhakiki anayeziita sentensi zote mbili sinestesia amezipa alama sawa, na kwa kufanya hivyo amemdhulumu aliyeitunga ya pili.

Dhuluma hiyo haiishii kwa mwandishi mmoja. Tasnifu inapohesabu kila kusikia harufu kama ushahidi wa mtindo wa mwandishi, idadi inaongezeka na hoja inapungua. Mwandishi yeyote wa Kiswahili angepata alama hizo bila jasho, na yule aliyevunja mwelekeo wa lugha kwa makusudi angezama ndani ya takwimu. Zaidi ya hayo, lugha inapimwa kwa mipaka ya lugha nyingine: kinachoonekana kuwa mchanganyiko ni mchanganyiko kwa yule tu aliyezoea kutenganisha.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Ramachandran na Hubbard walidai kwamba sinestesia na sitiari zina shina moja, yaani uwezo wa ubongo kuunganisha mambo yaliyo mbalimbali. Huenda ikawa hivyo. Lakini kujua kwamba seremala na mchonga vinyago hutumia mbao za msitu mmoja hakumwambii mtu lolote kuhusu kinyago kilicho mbele yake. Uhakiki unaanza pale ambapo mbao imekwisha chongwa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba dhana ya sinestesia, kama inavyotumiwa katika usomaji wa fasihi, inakusanya mambo ambayo ushahidi wake ni wa aina tofauti. Shairi la Rimbaud linashindwa kipimo cha uthabiti na linafaulu kama shairi kwa sababu ileile. Nabokov anafaulu kipimo, lakini anapoandika anarudi kwenye tashibihi kama waandishi wengine wote. Kiswahili kina kitenzi kisichovuka mpaka wowote, vivumishi vinavyouvuka kwa njia ya wengi, na tanakali ambazo bado hazijachambuliwa ipasavyo.

Haipendekezwi kwamba istilahi ya sinestesia iachwe. Inapendekezwa ibaki kwa maana yake ya hali ya ubongo, na kwamba katika matini mhakiki aseme uhamisho wa hisi, aoneshe unatoka wapi na kwenda wapi, kisha aeleze kwa nini umetokea hapo na si pengine. Mtahini akikutana na uchambuzi wa namna hiyo atakuwa na kitu cha kukubali au kukikataa. Akikutana na jina pekee, hana cha kupima.